Picha ya Akinyi Kwenye Gazeti

Zawadi mwanangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, hapa maegesho ya kazini Mesquite, wakati wenzangu wako ndani wanakula. Nimewasha kipoza hewa maana jua la leo linaunguza hata usukani. Nyumbani nisingeweza kuandika. Ungepita sebuleni na maboksi yako, ungeniuliza "Mom, what are you doing?" na mimi ningeficha karatasi kama mwizi.

Mambo ya kubadilisha mafuta ya gari, ya kutochanganya nguo nyeupe na za rangi, ya kupiga simu ukifika, baba yako ameshayasema mpaka umeyachoka. Mimi sitayarudia. Nina jambo moja tu ambalo nimelibeba tangu kabla hujazaliwa. Najua Kiswahili unakisoma polepole, na hilo nalitaka. Soma polepole.

Juni tulipokwenda kuangalia chumba chako cha kupanga kule chuoni, wewe na baba yako mlipanda ghorofani na yule kijana wa ofisi mwenye funguo, mimi nikakataa kushuka kwenye gari. Nilisema kichwa kinaniuma. Uliporudi ulikuwa na furaha, unasema kuna bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi, kisha ukaniangalia ukauliza, "Are you mad at me?" Sikuwa na hasira nawe. Ni kwamba ile kona naijua. Pale palipo na bwawa la kuogelea palikuwa na nyumba ya wazee, na mimi nilifanya kazi ndani yake.

Unajua nilisoma mji huo. Hujui zaidi ya hapo kwa sababu kila ukiuliza nilikuambia, "Ulikuwa mji mzuri." Sikukudanganya. Ni mji mzuri. Upo katikati, kati ya Dallas na Houston, si mkubwa wa kupotea na si mdogo wa kuchosha. Watu watakusalimia barabarani bila kukujua. Watakuita ma'am wakati wewe bado mtoto. Mwezi Agosti mji wote unageuka soko: magari yenye vitanda juu, akina mama wanalia kwenye maegesho, akina baba wanabeba friji ndogo. Jumamosi za mpira utadhani ni sikukuu ya dini. Watu wanavaa rangi moja kuanzia babu mpaka mtoto wa kubebwa, barabara zinafungwa, moshi wa nyama unatanda mpaka kwenye vyumba vya kulala. Kila kanisa litakupa chakula. Wanafunzi wa kigeni tulikula Jumapili kwa Wabaptisti, Jumatano kwa Wamethodisti, na hakuna aliyetuuliza dini yetu mpaka tumeshiba.

Lakini kaa huko mwaka mzima utaona upande wake mwingine. Mei wanafunzi wakiondoka, mji unazima. Wanatupa makochi, televisheni, baiskeli nzima, vyote vinalundikwa kando ya barabara, na sisi tusio na pa kwenda tunatembea jua kali tukichagua. Mabasi yanaacha kupita. Jioni ndege weusi wanakuja kwa maelfu kwenye maegesho ya maduka, wanapiga kelele kama milango yenye kutu, na wewe uko peke yako na mifuko yako miwili. Ndipo unawaona wenyeji ambao Jumamosi ya mpira huwaoni: wapishi, wafagiaji, wanaoishi ng'ambo ya reli, na wazee. Treni ya mizigo ikisimama pale njiani, upande wao unakatika na mji, na hakuna anayeona ajabu.

Kuna pia ving'ora. Mara moja kwa mwezi, saa sita mchana, wanavipima ving'ora vya tornado, ile dhoruba ya upepo unaozunguka. Siku yangu ya kwanza nilijitupa chini ya meza, maktaba nzima ikanicheka. Baada ya miezi michache hata mimi nilikuwa siinui kichwa. Mji mzima umefundishwa kutosikia.

Rafiki yangu kule aliitwa Akinyi. Mluo wa Kisumu, mrefu, sauti nzito, anatembea kama anadaiwa haraka. Alinizidi miaka mitatu na alikuwa amebakiza muhula mmoja tu amalize uhasibu. Tulilala chumba kimoja. Mimi nikimwita dada, yeye akiniita "Mtanzania," hata nikiwa peke yangu naye. Baba yake alipofariki, karo ilikatika. Yangu nayo ilikuwa inasuasua. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, na za ndani ya chuo zilikuwa zimejaa. Akinyi ndiye aliyeipata ile nyumba ya wazee. Meneja alikuwa bwana mmoja mpole aitwaye Curtis, alitulipa mkononi kila Ijumaa na hakuuliza karatasi. Tulifua mashuka, tuliosha vyombo, tulisukuma viti vya magurudumu. Sote watatu tulijua hairuhusiwi. Tulizungumza kwa sauti ya chini tu, kama kwamba sauti ndiyo kosa.

Wazee wale tuliwapenda. Bi Earline ndiye niliyekuwa namsukuma mimi. Alikuwa mwalimu wa piano, mweupe kama karatasi, mkali. Wiki ya kwanza hakutaka nimguse. Wiki ya tatu alikuwa anakataa kuguswa na mtu mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili, alasiri. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito, joto lenye maji, jani halitikisiki. Kama saa kumi hivi mawingu yalishuka, na mwanga ukabadilika rangi. Zawadi, umezaliwa Texas, umeiona mvua ya mawe, umeiona radi. Ile rangi hujaiona na namwomba Mungu usiione. Kijani. Kama unatazama dunia kupitia chupa. Mikono yangu kwenye beseni la vyombo ilionekana ya maiti.

King'ora kikalia.

Curtis alitoa kichwa ofisini. "Wanapima," alisema. "Endeleeni kuandaa chakula."

"Leo si siku ya kupima," Akinyi akamjibu.

"Televisheni inasema tornado iko kaunti ya jirani. Huwa inapita kaskazini. Miaka yote inapita kaskazini."

Akinyi aliweka trei chini. Hakuitupa, aliiweka taratibu, na hilo ndilo lililonitisha. Akaenda moja kwa moja upande wa mashariki, ule wenye madirisha makubwa, na nikasikia magurudumu ya kitanda yanasaga sakafu. Alikuwa anawatoa wazee vyumbani, anawapanga kwenye korido ya katikati isiyo na dirisha.

Curtis alimkimbilia. "Unafanya nini? Mmoja akivunjika nyonga, mimi ndiye nitakayeshtakiwa!"

"Andika jina langu," Akinyi akasema. "Kesho nifukuze. Sasa shika huko mwisho wa hiki kitanda."

Alisimama. Nadhani Curtis alisimama muda mrefu, ingawa haiwezekani kuwa mrefu. Kisha akashika.

Mimi nikamfuata Bi Earline. Alikataa kutoka. Alikuwa na gauni la kulalia na nywele hazijachanwa, na pale koridoni kulikuwa na wanaume. "Sitatoka hivi mbele ya watu," alisema, na machozi yalimtoka. Nilimbembeleza, nilimsihi, king'ora kinalia, mwanga umezidi kuwa kijani. Akinyi aliingia, akaona, akavua kilemba chake kichwani bila kusema neno, akamfunga yule bibi vizuri kama anayempeleka harusini. "Sasa uko sawa, mama," alimwambia kwa Kiingereza. "Twende." Bibi akanyoosha mikono kama mtoto.

Tulipofunga mlango wa korido, king'ora kilinyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Tuliwafunika wazee na magodoro, na sisi tukalala juu ya magodoro. Masikio yaliziba kama kwenye ndege. Kisha sauti ikaja, na mimi mpaka leo sipendi treni ikipita karibu. Nilihisi sakafu inapumua. Kuna mzee mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti, sijui alikuwa anahesabu nini. Akinyi alikuwa amenishika kifundo cha mguu, amenikaza mpaka kucha zikaingia.

Ilipopita, tulikuwa tunanyeshewa. Ndani ya nyumba. Nilifungua mlango wa upande wa mashariki na hapakuwa na paa. Vitanda viwili ambavyo hatukuwahi kuvitoa, vilivyokuwa vitupu, havikuwepo. Kwenye kiti cha Bi Earline pale dirishani kulikuwa na ubao mrefu umesimama wima, umepita kwenye kiti mpaka sakafuni.

Hakuna aliyekufa. Mzee mmoja aliumia mkono. Wengine wote walitoka wazima.

Tulianza kuwatoa nje, na watu wa mji wakaja mbio. Watu wazuri, Zawadi. Walikuja na mablanketi, na malori yao, na maji ya chupa, wengine peku. Na waandishi wa habari wakaja. Nilimwona kijana mmoja na kamera akiulizia majina. Akinyi alikuwa amembeba Bi Earline mikononi, kilemba bado kichwani kwa bibi. Aligeuza uso akaniambia kwa Kiswahili, bila kubadilisha sura, kama mtu anayeongea mambo ya kawaida:

"Mtanzania, enda nyuma ya jikoni. Usitoke mpaka hawa waende."

"Na wewe?"

"Mimi washaniona. Enda."

Nikaenda. Nilikaa nyuma ya jikoni kati ya mapipa ya taka, nimelowa, nasikia watu wakipiga makofi upande wa mbele.

Picha ilitoka ukurasa wa kwanza. Akinyi kwenye mvua, amembeba yule bibi, nyuma yao nyumba isiyo na paa. Chini yake jina lake kamili, nchi yake, chuo anachosoma, na mahali anapofanya kazi. Vyote sahihi. Mwandishi hakukosea hata herufi.

Wiki ile mji ulimpenda kama sijawahi kuona mtu anapendwa. Maua yalijaa mlangoni kwetu. Kanisani walimsimamisha mbele, watu wakalia. Kwenye duka la vyakula mwanamume mmoja alivua kofia yake kumpisha. Mimi nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani mtu akipendwa hivyo amepata ukuta wa kuegemea. Akinyi hakufurahi. Alikuwa hali chakula. Kila simu ikilia alikuwa anaitazama tu.

Ilipolia ile aliyokuwa anaingoja, ilikuwa ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango uliokuwa wazi nusu. Yule mama wa ofisini tulimjua, alikuwa anatupa peremende, alijua siku zetu za kuzaliwa. Na ukutani nyuma ya kiti chake alikuwa ameibandika ile picha. Alikuwa ameikata mwenyewe gazetini.

"Niambie kwamba ulikuwa unajitolea tu," alimwambia Akinyi. "Niambie hivyo."

Akinyi akasema, "Curtis ameshawaambia watu wa bima kwamba nilikuwa kazini. Alikuwa anataka kunisifu."

Yule mama alilia. Alilia kweli, alitoa kitambaa, akasema Akinyi ni shujaa, akasema yeye binafsi asingependa. Kisha akavaa miwani akageukia kompyuta akaandika anachotakiwa kuandika. Nilisikia vitufe. Alikuwa anaandika na kuvuta kamasi.

Watu walijaribu. Mtoto wa Bi Earline, mwanasheria hapo mjini, yule aliyeleta maua makubwa kuliko wote, alimwandikia Akinyi barua ya sifa nzuri ya kwenda nayo popote, akamwambia sheria ni sheria. Bi Earline mwenyewe alidai apelekwe ofisi ile kwa kiti chake. Walimpa nafasi, walimpa chai, walimsikiliza mpaka akachoka, wakamrudisha. Hakuna aliyemkosea heshima. Hakuna aliyemkosea heshima hata Akinyi. Nataka ulielewe hilo. Ningekuwa na mtu mmoja wa kumchukia ningelala vizuri zaidi miaka hii yote.

Wiki zake za mwisho kabla ya kurudishwa kwao nilimpeleka Houston, kwa mama yangu mdogo, Alief kule karibu na Sugar Land. Unamjua Bibi Mwajuma, hajui kukaa kimya. Kwa Akinyi alikaa kimya. Alipika tu. Uwanja wa ndege nilimwambia Akinyi kwamba na mimi naacha kazi, narudi nyumbani, siwezi kukaa mji ule.

"Acha kazi," alisema. "Shule maliza. Usinifanye nipande ndege bure."

Bibi Mwajuma alinilipia mpaka nikamaliza. Ule mwaka wote uliobaki, nilitembea mji ule nikiinamisha kichwa. Gari likipunguza mwendo nyuma yangu, nilikuwa nakata kona ya kwanza. Mtu akinisifia darasani, nilikuwa naangalia mlango. Wakati huo huo watu walikuwa wananisalimia vile vile, ma'am, siku njema, Mungu akubariki. Hakuna kilichobadilika. Bi Earline alifariki vuli ile, nikasimama nyuma kabisa msibani, na mwanawe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaniuliza rafiki yangu mzuri yule anaendeleaje.

Akinyi alikuja kumaliza masomo baada ya miaka mingi, kwao. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na mumewe, wana watoto. Anacheka kwenye simu kama zamani. Alinitumia picha za harusi yake. Katika zote, hata ile ya kukata keki, ameangalia pembeni.

Sasa wewe. Umezaliwa Dallas. Pasipoti yako ni ya bluu, ya Kimarekani. Hakuna mtu wa ofisi yoyote atakayekuandika kwa kuosha vyombo. Kwa muda mrefu nilijiambia hiyo inatosha, hadithi hii haikuhusu, ife na mimi. Kisha mkapanga chumba pamoja, wewe na Furaha.

Furaha ni binti mzuri. Nampenda, na anakusahihisha Kiswahili chako, ingawa chake ni cha Kikongo. Lakini karatasi zake unajua. Kadi ya ukaazi anayo, uraia bado, na siku hizi hata wenye kadi wanalala na viatu karibu. Hatazungumza juu yake. Wewe utamwona anacheka, anapaka kucha rangi, utasahau. Usisahau. Mtagombana juu ya vyombo na juu ya wavulana, gombaneni. Ila mkiwa barabarani na gari likasimamishwa, usukani uwe kwako. Rafiki zenu wakianza fujo Jumamosi ya mpira, yeye ndiye wa kwanza kurudi nyumbani, wewe ndiye wa kubaki kueleza. Akifanya jambo kubwa la kusifiwa, na atafanya, ana moyo huo, muulize kwanza kama anataka kutajwa. Atakayemlinda mara nyingi hatakuwa mtu anayempenda. Atakuwa mtu aliyefikiria mapema. Nataka awe wewe.

Na mawingu yakigeuka kijani, msingoje mtu awaambie.

Jumapili iliyopita nilikwenda mtaa wa Vickery Meadow kumwona mama yake Furaha, tujuane kabla hamjaondoka. Nilipanda ngazi zile, nikamkuta anakunja nguo za mwanawe, anazinusa kabla hajazitia kwenye sanduku. Aliniwekea chai. Alijua kwamba nimesoma huko.

"Mama Zawadi," aliniuliza, "kule mu ule muji, iko amani?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Kuko kimya," nikamwambia. "Kumetulia."

Aliacha kukunja. Yule mama ametoka Uvira kwa miguu na watoto wawili mgongoni, amekaa kwenye vijiji ambavyo vilikuwa vimetulia bila amani. Akachukua kikombe changu ambacho kilikuwa bado kimejaa, akakiongezea chai.

Mama yako